Wanaohesabiwa na wasiohesabiwa

Wiki hii wanaouliza ni wasomaji wa Marekani wenye ndugu waliofungwa huku wakiugua maradhi ya akili.

Mdogo wangu yuko jela, ana skizofrenia. Wakili ametaja mahakama ya afya ya akili. Ndiyo nini hiyo?

Ni mahakama inayompa mgonjwa matibabu chini ya macho ya jaji badala ya kumwacha aozee kifungoni. Ya kwanza ilianza kaunti ya Broward, Florida, mwaka 1997. Nyingine hupokea watu ambao kesi zao bado, nyingine hupokea wanaotoka kifungoni kwa masharti. Kuingia ni hiari. Kabla hajasaini, muulizeni wakili: akishindwa njiani, adhabu inayomsubiri ni ipi?

Kaunti yetu inajisifu kwamba wahitimu wa mahakama hii hawarudi jela. Si ushahidi tosha?

Hautoshi, ndugu yangu. Mwalimu akitangaza matokeo ya waliofaulu tu, shule yoyote itang'ara. Waliotoroka, waliofukuzwa, waliorudishwa jela mwezi wa pili wako wapi? Mara nyingi hao ndio wagonjwa zaidi, na ndio wasio na pa kulala.

Tathmini ya haki huhesabu kila aliyeingia, kisha humlinganisha na mtu wa hali kama yake ambaye hakuingia. Watafiti wa San Francisco walifanya hivyo mwaka 2007: waliwafuatilia watu 170 wa mahakama hiyo, pamoja na walioishia njiani. Hata hivyo walioingia walikaa muda mrefu zaidi kuliko wasioingia bila mashtaka mapya, yakiwemo ya kuumiza watu. Kwa hiyo sisemi mahakama hizi hazifai. Nasema waombeni hesabu nzima: wangapi waliingia, wangapi walikataliwa mlangoni, na kwa nini.

Kaka yangu aliachiwa usiku wa manane na mfuko wa karatasi, ndani vidonge vya siku tano. Baada ya mwezi akakamatwa tena. Wanasema programu ya mahakama hii imeshindwa. Ni kweli?

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Vidonge vya siku tano, na miadi ya kliniki huchukua wiki kadhaa! Jaji gani ataziba pengo hilo?

Si jambo geni. Mwaka 1999 wafungwa wagonjwa wa New York waliishtaki serikali ya jiji, kwa sababu walikuwa wakishushwa Queens Plaza, mahali pa kupandia treni jijini humo, kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, mkononi dola 1.50 na kadi ya treni ya safari mbili. Kesi iliishia kwenye makubaliano: jiji liwape mpango wa matibabu kabla hawajatoka. Na utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya wafungwa kwa jumla kuachiwa, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine.

Anayepima programu aanzie hapo: dawa zilikatika siku ngapi, usiku wa kwanza alilala wapi. Kukamatwa huja baadaye.

Mama hajui Kiingereza. Anaweza kufuatilia kikao?

Mahakama nyingi hutoa mkalimani bure. Ombeni wa Kiswahili mapema, kwa maandishi. Msimpe mtoto kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa wa mjomba wake.