Hekalu la Somnath: Jibu kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Mama yako hajambo na anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya lile swali uliloliweka mwishoni. Unasema ulikwenda na wenzako wa chuo hadi Somnath, pwani ya Gujarat, mkaonyeshwa hekalu ambalo kila mtu analiita la kale, kisha ukasikia kwamba lilizinduliwa mwaka 1951. Unauliza inakuwaje jengo lenye umri mdogo kuliko nyumba ya bibi yako liitwe la kale.

Nianze na mwezi, kwa kuwa jina lenyewe limetoka huko. Soma ni mwezi, na Somnath ni Bwana wa Soma, yaani Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Wahindu husimulia kwamba Soma aliwaoa mabinti 27 wa Daksha, akampenda Rohini peke yake na kuwaacha wenzake wakinung'unika, hata baba mkwe akamlaani afifie mpaka aishe. (Wapo waume mtaani kwetu ambao wangeielewa hadithi hii bila mkalimani.) Soma akaenda kumlilia Shiva pale Prabhas, jina la kale la Somnath, ufukweni, naye Shiva hakuifuta laana yote, bali aliipunguza: siku kumi na tano afifie, kumi na tano anenepe. Kwa shukrani Soma akajenga hekalu la dhahabu, na inasemwa kwamba baada yake Ravana alilijenga kwa fedha, Krishna kwa mbao, na mfalme Bhima kwa mawe.

Hadithi hii usiione ya kitoto. Mnamo mwaka 1030 hivi, al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyeishi Ghazni, katika Afghanistan ya leo, aliandika kwamba mwezi unapochomoza na unapotua, bahari hujaa na kulifunika jiwe takatifu la pale, na mwezi ukifika utosini maji hupwa. Ndiyo maana watu walisema mwezi hachoki kumwogesha na kumtumikia Bwana wake. Wewe uliyekua ukihesabu bamvua unajua walikuwa wakitazama nini. Akaongeza kwamba mahali hapo palipata sifa hasa kwa kuwa palikuwa bandari na kituo cha wasafiri waliokwenda na kurudi kati ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China. Sofala ndiyo hii iliyo Msumbiji ya leo, kwa hiyo manahodha waliotoka upande wetu wa bahari walipajua.

Sifa hiyo ilileta pia maafa. Januari 1026 Sultani Mahmud wa Ghazni alilivamia hekalu na kulipora. Likajengwa tena, na mwaka 1169 mfalme Kumarapala wa Gujarat akalikarabati kwa fahari, kisha mwaka 1299 majeshi ya Sultani wa Delhi yakalibomoa. Lakini kati ya maafa hayo mawili kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita: mwaka 1264 mwenye meli kutoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, Nuruddin Firuz, alijenga msikiti katika mji huohuo kwa ridhaa ya wakubwa wa pale, na habari zake zikachongwa kwenye mawe kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Mimi mawe hayo huyapenda kuliko simulizi zote za vita.

Mwaka 1783 malkia Ahilyabai Holkar alijenga hekalu dogo karibu na magofu. Baada ya uhuru wa India, Novemba 1947, naibu waziri mkuu Sardar Patel aliahidi kulirudisha hekalu lenyewe. Gandhi akashauri fedha zitoke kwa wananchi, si kwa serikali, na tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad akaongoza ibada ya kulizindua, ingawa waziri mkuu Nehru hakupendezwa. Kazi yote ilikamilika mwaka 1995.

Basi mawe ni mapya, hapo huna kosa. Kilicho cha kale ni mahali na saa yake, na hilo utaliona kwenye sikukuu. Mahashivaratri, mwezi wa Februari au Machi, huadhimishwa usiku ambao mwezi umebaki uzi tu kabla ya kupotea, na waumini hukesha wakiomba. Kartik Purnima, Oktoba au Novemba, huwa mwezi mpevu, na hapo ndipo gulio la hekaluni la siku kadhaa hufurika watu. Ukizilinganisha, utaona laana ya Daksha na msamaha wa Shiva, kila kimoja na usiku wake. Katikati ya mwaka kuna Shravan, mwezi mzima wa Shiva, na Jumatatu zake, ambazo kwao ni siku za Soma, foleni huwa ndefu mno.

Nenda tena wakati wa Kartik ukiweza. Mwezi ukichomoza, simama kwenye ukuta wa upande wa baharini, kisha uniandikie maji yalikuwa yamefika wapi, nipate kujua kama al-Biruni alipima sawasawa.

Baba yako