Springi hushika, kufuli hufunga

Nilipoandika habari ya bawaba za makasha nilitegemea maswali ya bawaba. Haikuwa hivyo. Karibu wote mmeuliza makomeo, yale yenye springi ndani ambayo ukishusha kifuniko yanajishika yenyewe. Nimechagua maswali sita. Walioniuliza bei wanisamehe. Bei ya leo dukani si ya kesho.

*

*Shikamoo fundi. Tuna kasha la bibi yetu, la msaji, lenye njumu za shaba na kitasa kikubwa kilichozama kwenye ubao wa mbele. Ufunguo unazunguka lakini hausikii chochote, unapita mtupu. Muuza vitu vya kale mmoja ametwambia tung'oe kitasa tutie komeo jipya. Tufanyeje? (Kiponda, Unguja)*

Marahaba, wanangu. Msing'oe.

Ufunguo unaopita mtupu mara nyingi ni springi iliyokatika, kitasa chenyewe bado kizima. Ndani ya vitasa vya namna hiyo mna ulimi wa chuma unaokwenda na kurudi, na ulimi una mapengo mawili ukingoni. Juu yake hukaa springi ya bapa, kipande chembamba cha pua, yaani chuma kigumu, kilichopinda kidogo kama ukucha, kinachoukandamiza ulimi usitoke kwenye pengo lake. Ufunguo ukizungushwa unauinua ulimi dhidi ya ile springi, unausogeza, na springi inaukandamiza tena kwenye pengo la pili. Ule mlio wa "ta" mliokuwa mkiusikia chumbani kwa bibi ndio huo. Springi ikikatika, ulimi unaelea tu. Leo umefunga, kesho kasha likisogezwa wakati wa kudeki, ulimi umerudi wenyewe.

Makasha mengi tunayoyaita ya Kizanzibari yaliingia na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yamefanywa hapa hapa na mafundi wetu. Mtu anayejua kusoma kasha husoma njumu, husoma visanduku vya chini, na husoma kitasa. Ukikitoa, umeng'oa ukurasa, na bei inashuka. Huyo muuzaji hilo analijua vizuri sana; ndiyo maana na mimi nimejiuliza kitasa cha zamani kingeishia kwa nani.

Tafuteni fundi wa vitasa mwenye jiliwa na subira. Parafujo za zamani hazitoki kwa nguvu. Aweke ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto juu ya kichwa cha parafujo kwa dakika moja hivi, aache ipoe, ndipo atie bisibisi inayojaa mfereji. Springi mpya si lazima inunuliwe. Kamani, ile springi ndefu inayoendesha saa, ya saa ya ukutani iliyokufa inatoa springi kumi za namna hiyo. Aikate kwa mkasi wa bati na kuimaliza kwa tupa, asiikate kwa moto, kwa sababu moto unaua ule ugumu ambao ndio tunaoutafuta.

Kama hana kamani na itabidi aifue mwenyewe kutokana na pua, hapo moto unahitajika, tena mara mbili. Kwanza aipashe hadi iwe nyekundu ya kung'ara, aichovye kwenye mafuta. Sasa ni ngumu kama kioo na itavunjika kama kioo. Kwa hiyo aisugue ing'are, kisha aipashe tena taratibu huku akiitazama rangi. Itapita rangi ya majani makavu, itapita hudhurungi, itafika buluu, karibu nyuzi 300. Hapo hapo aiondoe. Ikiachwa ikawa kijivu, imelegea, na kazi yote ianze upya.

Jambo moja mkifika nyumbani: ukwaju na ndimu ni za njumu za nje. Zisiingie ndani ya kitasa. Tindikali hiyo hiyo inayoing'arisha shaba inaitafuna springi.

*

*Assalaam alaykum. Binti yangu yuko dakhalia huko Unguja. Sanduku lake la bati limefunguka mara mbili ndani ya boti, nguo zote chini, na vile vibano viwili vya mbele bado vipya. Nibadilishe sanduku? (Wete, Pemba)*

Waalaykum salaam, mama. Sanduku liache. Tazama vibano.

Kibano cha aina hiyo kina mkono na kitanzi cha waya. Kitanzi kinanasa kwenye ndoana ya kifuniko, nawe unaubamiza mkono chini. Fanya polepole, usikilize kwa kidole. Mwanzo ni laini, halafu unakuwa mgumu, halafu ghafla ule ugumu unakatika na mkono unalala wenyewe. Pale unapokatika, mvuto wa kitanzi umevuka upande wa pili wa msumari ambao mkono unazungukia. Kabla ya hapo mvuto ulikuwa unataka kuufungua mkono. Baada ya hapo, mvuto huo huo unaukandamiza. Kibano ambacho hakijavuka kinaonekana kimefungwa, lakini kinangoja wimbi la kwanza la Nungwi.

Kama husikii ugumu wowote, basi hakuna kinachovutwa. Bati la sanduku ni jembamba, limebonyea pale ndoana ilipopigwa ribiti. Mpelekee fundi bati aweke kipande cha bati nene kwa ndani, nyuma ya zile ribiti, na aipinde ndoana kwenda juu kidogo sana. Namwomba asibadilishe waya wa kitanzi kwa waya wa kufungia nondo. Waya wa kitanzi ndio springi yenyewe, unavutika na kurudi. Wa nondo ukivutika umevutika.

Hata kikitengenezwa, kibano ni cha kushika tu. Kina kazi ya kuzuia kifuniko kisiruke. Hakina kazi ya kumzuia mtu. Pitisha kufuli kwenye tumbuu, nayo iwe ya maana, kwani zile nyepesi ndani mna ulimi mmoja mdogo wa springi, na kipande cha kopo la soda kinatosha kuusukuma nyuma. Mama yangu alifunga na kamba ya usumba juu ya yote, fundo tatu. Nilikuwa naona aibu bandarini. Sanduku langu halikufunguka hata mara moja.

*

*Tuna masanduku ya mbao ya kuwekea mito ya viti vya ufukweni. Makomeo tuliyonunua kwa jina la shaba yameshika kutu na kukwama kabla ya miezi mitatu. (Paje)*

Chukua sumaku uende nayo dukani. Ikinasa kwenye gamba la komeo, ulichouziwa ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Lakini hata shaba ya kweli inaweza kukuangusha, kwa sababu waundaji wengi huweka springi ya pua ya kawaida ndani ya gamba la shaba, na chumvi ya Paje haibishi hodi. Springi ndiyo inayotangulia kufa kwa kuwa ndiyo nyembamba. Chukua springi ya bapa ya unene wa nusu milimita. Kutu ikila sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye bawaba usingeona kitu. Kwenye springi, moja ya tano ya unene imekwenda, na karibu nusu ya nguvu imekwenda nayo. Hesabu yake naieleza chini kwa kijana wa Chake Chake.

Kwa nje, pwani, omba chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Daraja la 304 ni zuri ndani ya nyumba, ufukweni linaanza kuota madoa. Na hapa sumaku inaweza kukudanganya: springi ya chuma kisichoshika kutu ikinasa kidogo, usiitupe. Kuvutwa na kupindwa ikiwa baridi kunaifanya inase. Ukipata makomeo yenye springi za shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi, hayo ni mazuri zaidi kwako. Parafujo ziwe za madini yale yale na komeo. Ya chuma ndani ya shaba, penye unyevu wa chumvi, huliwa yeye kwanza. Na wapeni wafanyakazi ndoo ya maji baridi ya bombani kila Ijumaa asubuhi wayaoshe.

*

*Fundi, nataka kasha la vitu vya kuchezea watoto wangu, lenye komeo la springi la kujifunga lenyewe, ili kifuniko kikae chini wasibane vidole. Unashauri aina gani? (Mwanakwerekwe)*

Sishauri aina yoyote, dada yangu. Usitie.

Nitaeleza kwa urefu, maana hili nimelikuta kwenye nyumba za watu wenye akili zao. Komeo la kujifunga lina ulimi wenye mwinamo. Kifuniko kinaposhuka, mwinamo unausukuma ulimi nyuma, springi inaurudisha, kwisha. Mwinamo uko upande mmoja tu. Ndiyo maana linafunga kwa kusukumwa lakini halifunguki kwa kusukumwa. Mtoto aliyejificha ndani wakati wa mchezo anaweza kupiga mateke mpaka achoke. Na kasha zuri la msaji, lililoungwa barabara, halipitishi hewa wala sauti.

Marekani walijifunza kwa msiba. Mwaka 1956 walipitisha sheria kwamba kila friji iweze kufunguliwa kutoka ndani, baada ya watoto kufia kwenye mafriji ya makomeo yaliyotupwa uani. Milango ya friji ya leo inashikwa na sumaku ndani ya mpira, na mtoto akiisukuma inafunguka. Lakini makasha ya nguo yakaendelea na makomeo yake, na mwaka 1996 ilibidi watu watangaziwe kung'oa vitasa vya kujifunga kwenye makasha ya mierezi yapatayo milioni 12, yaliyoundwa tangu 1912 hadi 1987. Kisha likaja la buti za magari. Tangu Septemba 2001, gari jipya dogo lenye buti la kufungwa linalouzwa huko lazima liwe na mkono wa kufungulia ndani ya buti, unaong'aa gizani. Magari yetu mengi yanatoka Japani, kwa hiyo usidhani lako linao. Fungua uangalie leo.

Sasa kasha lako. Vidole vinaokolewa na mkono wa kushikilia kifuniko, ule unaokizuia popote kilipo na kukishusha polepole. Kama lazima kifuniko kishikwe, weka sumaku ndogo, au komeo la gololi, ambalo springi inasukuma gololi ndani ya kishimo. Gololi ni duara, ina mwinamo pande zote mbili, inakubali kusukumwa kutoka ndani pia. Lijaribu kwa mkono wa mtoto mwenyewe, si kwa wako. Halafu mwambie seremala akate pengo la upana wa vidole vitatu juu ya ubao wa mbele, urefu wote, na atoboe matundu nyuma. Kasha litaingiza vumbi. Liingize.

Na lile friji bovu la zamani la mkono wa chuma, ambalo wengine wetu tunalitumia barazani kuhifadhi unga, ling'olewe mlango.

*

*Mimi ni kijana fundi. Springi za bapa ninazokata kwa makomeo ya masanduku zinakuwa ngumu mno, wateja wanalalamika vidole. Nipunguze unene kiasi gani? (Chake Chake)*

Usiguse springi kabla hujatazama ulimi. Mwinamo ukiwa mkali, hata springi laini inaonekana ngumu. Ulaze zaidi, uung'arishe, ujaribu tena. Nusu ya malalamiko yataishia hapo.

Yakibaki, jua hivi. Robert Hooke, Mwingereza, alichapisha mwaka 1678 kwamba springi hurudisha nguvu kulingana na ilivyovutwa: ukiisukuma mara mbili, inakusukuma mara mbili. Hilo ni rahisi. Linalowapoteza mafundi ni unene na urefu, kwa sababu hivyo huzidishwa mara tatu vyenyewe kwa vyenyewe. Springi yenye unene maradufu ina ugumu mara nane. Ukitoka milimita 1 kwenda 0.8, ugumu unabaki karibu nusu. Ukiacha unene na kurefusha springi kutoka milimita 40 hadi 50, nao unabaki karibu nusu. Upana hauna makuu: ukiukata nusu, ugumu unakuwa nusu.

Mimi ningerefusha, kama nafasi ipo. Ndefu haichoki upesi. Na usitoboe tundu la parafujo pale springi inapoanza kupinda. Hapo ndipo zote zinapokatikia. Mikwaruzo ya tupa iende kwa urefu wa springi, isikate kwa upana.

*

*Mafuta ya nazi yanafaa kwenye springi ya kasha? (Makunduchi)*

Hapana. Yanaganda, yanavunda, yanakusanya vumbi, na sisimizi wanayapenda. Tumia ya cherehani: tone moja pale ulimi unapoteleza, funga na ufungue mara kumi, na ulifute linalobaki kabla halijafika kwenye mbao.