Chumba cha peke yangu mwaka wa kwanza nilikipata kwa kukoroma

Fomu ya malazi ilikuwa na mstari mmoja ulioachwa wazi: "Sababu ya kuomba chumba cha mtu mmoja." Nikaujaza kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Napenda utulivu ili nisome vizuri." Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, fupi kuliko hata ombi lenyewe. Nimepangiwa chumba cha watu wawili, ghorofa ya 3, kitanda cha karibu na mlango.

Nilipokwenda kuulizia, mama wa ofisi ya malazi hakunifokea. Aliweka kiganja juu ya rundo la fomu lililokuwa mezani kwake, akasema, "Mwanangu, hawa wote wanapenda utulivu."

Sababu yangu ya kweli ilikuwa nyingine. Mimi nakoroma. Wala si ule mkoromo wa mtu aliyechoka, ambao ukimgeuza ubavu unakwisha. Nyumbani walishazoea kufunga milango miwili kati yangu na wao. Lakini nilikuwa na miaka 19, nikaona haya kuliandika neno hilo kwenye karatasi itakayosomwa na mtu nisiyemjua. Nikaandika utulivu, wakati mvuruga utulivu ni mimi mwenyewe.

Majibu ya udahili yakitoka huwa naulizwa na wadogo zangu wafanyeje wapate chumba cha peke yao. Kwanza wajue wanashindania nini. Vyumba vya mtu mmoja huwa vichache katika mabweni mengi, na aghalabu hutengewa wanafunzi wa miaka ya juu, wanaosimamia mabweni, na wenye hitaji la kiafya lililothibitishwa. Mwaka wa kwanza tunapewa vinavyobaki. Kwa hiyo ukituma ombi siku ya mwisho ya tarehe iliyotangazwa, umeomba mabaki ya mabaki. Vyuo vingine hugawa kwa kufuata nani amelipia malazi mapema, vingine hupiga kura, vingine kompyuta ndiyo inayopanga. Uliza ofisini wanagawaje kabla hujajaza chochote. Swali hilo moja lingeniokolea wiki mbili.

Wengi hujaza mabweni matatu wanayoyapenda, yote mapya, yote karibu na madarasa, halafu wanashangaa wamekosa. Jengo la zamani, la mbali, lenye ngazi nyingi na bafu la kushirikiana mwisho wa korido, ndilo watu wanalikimbia, na humo mara nyingine ndimo mnamo vyumba vidogo vya mtu mmoja. Ukiwa tayari kutembea dakika 15 kila asubuhi, liandike la kwanza kwenye fomu. Mimi sikuliandika kabisa, na mwishowe nikaishia humo humo.

Basi nikahamia chumba cha wawili. Mwenzangu alikuwa kijana mpole, mwenye kitabu mkononi muda wote. Usiku wa kwanza alivumilia. Usiku wa tatu nilizinduka nikamkuta amekaa kitandani, mto umekunjwa juu ya masikio yake, simu imeelekezwa kwangu. Nikadhani ananidhihaki. Asubuhi akanisikilizisha alichorekodi, naye hakucheka. "Kaka, kukoroma nimezoea, baba yangu anakoroma. Lakini wewe unanyamaza katikati. Unanyamaza mpaka naogopa." Kwenye ile sauti kulikuwa na mngurumo, kisha kimya kirefu, kisha mkoromo wa ghafla kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Hiyo rekodi ndiyo iliyonipeleka hospitali, nikalazwa usiku mmoja nikiwa nimebandikwa nyaya kifuani na kichwani. Madaktari huhesabu kila pumzi inapokatika, au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea mara 5 kwa saa tayari ni tatizo, na ikifika 15 ni la wastani. Mimi nilikuwa na 22. Sasa nikaelewa kwa nini nilikuwa nasinzia darasani saa nne asubuhi hata nikiwa nimelala mapema. Nikapewa mashine ya kusukuma hewa puani kupitia barakoa, inayotakiwa kuwaka usiku kucha.

Nikarudi ofisi ya malazi na barua ya daktari, kifua mbele. Ikakataliwa.

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana watu wengi wenye haki hukwama hapa. Barua yangu ya kwanza ilisema hivi, sijaongeza neno: "Mtajwa ana tatizo la usingizi. Tafadhali asaidiwe." Asaidiweje? Ofisi haina daktari. Inasoma karatasi na kujiuliza swali moja: je, kuna njia nyingine ya kumsaidia huyu bila kumpa chumba kizima? Mwenye kisukari anayetumia insulini anahitaji mahali pa kuhifadhi chupa ambazo hazijafunguliwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Huyo akiomba chumba cha peke yake kwa sababu hiyo tu, atapewa friji, na atakuwa ametendewa haki. Kadhalika aliyeandika kwamba anasumbuliwa na kelele ataelekezwa kwenye korido ya watu wanaolala mapema, au ataambiwa anunue vizibo vya masikio.

Nikamrudia daktari, safari hii na maswali niliyoyaandika kwenye karatasi. Barua ya pili ilieleza mwili wangu unafanya nini usiku, mara ngapi kwa saa, na mchana unaofuata unaharibikaje. Ikaeleza kwamba mashine inahitaji soketi ya umeme karibu na kitanda na meza ya kuiweka, wakati kitanda changu cha mlangoni hakikuwa na vyote viwili. Ikaeleza kwamba mwezi wa kwanza wa kuzoea barakoa mtu huivua usingizini na kukoroma upya, na kwamba mwenzangu alikuwa ameshahama kwa kulala kwenye godoro la rafiki yake. Mwisho ikataja ninachoombewa kwa jina: chumba cha mtu mmoja, kwa mwaka mzima wa masomo. Mwenzangu naye akaandika aya moja kwa hiari yake. Alikuwa na sababu zake.

Vyuo vingi vina dawati linaloshughulikia wanafunzi wenye ulemavu na maradhi ya kudumu, na mara nyingi barua kama hiyo hupokelewa huko kabla ya kufika kwa wagawa vyumba. Usione haya kwenda huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe kwamba marekebisho yanayofaa yanafanyika mpaka elimu ya juu. Mimi nilizunguka wiki nzima nikipeleka barua mlango usio wake kwa sababu neno "ulemavu" lilinitisha.

Lakini usitunge ugonjwa. Zaidi ya kwamba ni uongo, unamnyang'anya kitanda mtu asiye na njia nyingine.

Hata barua ilipokubaliwa, chumba hakikuwepo. Nikawekwa kwenye orodha ya kusubiri, nafasi ya 4. Kumbe kila mwaka kuna waliodahiliwa wasiotokea, waliohamia chuo kingine, waliopata malazi kwa jamaa. Ofisi haiwezi kujua mpaka siku ya mwisho ya kuripoti ipite, na ikishapita vitanda hufunguka ghafla, ndani ya siku mbili tatu. Nilikuwa napita pale kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Nilikuwa sikai. Nasimama mlangoni, "Shikamoo mama, nimepita tu kuuliza kama kuna mabadiliko," naondoka. Sijui kama ule utaratibu ulinisogeza hata nafasi moja. Najua tu kwamba chumba kilipopatikana, wiki ya tatu, Alhamisi, waliokuwa mbele yangu wawili walikuwa hawapokei simu.

Kuna na wale wanaopata chumba cha peke yao kwa bahati: mwenzao kahama, kitanda cha pili kikabaki kitupu. Jirani yangu mmoja aliunganisha vitanda viwili akajiona mfalme. Siku ya tisa akarudi kutoka maktaba akakuta sanduku la mtu mgeni mlangoni, na mwenye sanduku amekaa juu yake anamsubiri. Kitanda kitupu ni mali ya ofisi. Ukitaka kibaki hivyo, kaombe kwa maandishi na uulize tofauti ya malipo.

Maana pesa nayo ipo. Chumba cha mtu mmoja kwa kawaida ni ghali zaidi, na kama masomo yako yanalipiwa na mfadhili au mkopo, uliza kwanza kama wanalipia kiwango cha chumba cha kushirikiana tu. Usije ukagundua tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako baada ya kusaini mkataba wa mwaka mzima.

Tuje kwenye jambo ambalo sikuambiwa na yeyote. Usiku wa kwanza katika chumba changu nililala kama mfu. Wiki ya pili nikagundua kuwa tangu Ijumaa sijaongea na mtu zaidi ya mhudumu wa maktaba. Walio na wenzao wa chumba waliamshana, waliambizana darasa limehamishwa, walikumbushana tarehe za kazi. Mimi nilikosa jaribio zima kwa sababu tangazo lilipita mdomo kwa mdomo na mdomo wa karibu nami ulikuwa wangu.

Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia pale MIT, chuo kikuu cha Marekani. Waliopakana milango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu. Walioishi mmoja ncha hii na mwingine ncha ile ya korido ile ile, asilimia 10 tu. Na waliokaa karibu na ngazi ndio waliofahamiana zaidi na watu wa ghorofa nyingine, kwa sababu tu kila mtu alipita hapo. Mimi nilikuwa nimechagua chumba cha mwisho kabisa cha korido, nikijipongeza. Ukipewa kuchagua, chukua cha karibu na ngazi. Kelele zake utazizoea, na miguu inayopita mlangoni itakutengenezea ujirani ambao wewe mwenyewe usingeutafuta.

Nikaanza kuacha mlango wazi jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, niwe nasoma au sisomi. Siku tatu za kwanza watu walichungulia wakapita. Siku ya nne alisimama mlangoni yule mwenzangu wa zamani. Akaangalia kitanda, akaangalia mashine, akafuata waya kwa macho mpaka ukutani.

"Kaka," akasema, "ile ekstensheni ni yangu."

Nikamwambia akae kwanza, nitaichomoa asubuhi.