Lami iliyokwanguliwa haitupwi

Umeuliza lami kuukuu inayokwanguliwa barabarani hupelekwa wapi, na kama ni taka tu. Si taka hata kidogo, kwa sababu ndani yake mna kokoto nzima na lami yenyewe, yaani gundi nyeusi inayoshikanisha kokoto, ambayo, ingawa imekakamaa kwa kupigwa na jua na hewa miaka mingi, bado hulainika ikipashwa moto. Mtambo wa kukwangua una pipa kubwa linalozunguka, lenye meno ya kabaidi ya tungsteni (kitu kigumu kuliko chuma), ambalo hung'oa tabaka la juu kwa kina kilichopimwa, mara nyingi sentimita chache, huku maji yakinyunyizwa ili kupoza meno na kutuliza vumbi, na vipande vilivyong'olewa vikipandishwa kwa mkanda hadi kwenye lori.

Kiwandani vipande hivyo huchekechwa, kisha huchanganywa na kokoto mpya iliyopashwa moto mkali, kwani vyenyewe vikiguswa na mwali huungua na kutoa moshi mwingi. Nchini Marekani, ambako kazi hii ilishika kasi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, mchanganyiko mpya kwa wastani huwa na takriban moja ya tano ya lami kuukuu. Kiasi hicho kinaweza kuzidishwa, lakini bila kuongeza lami laini au mafuta ya kulainisha, barabara itapasuka mapema. Binafsi navutiwa zaidi na njia ya kuchanganya vipande hivyo palepale barabarani, kwa lami iliyofanywa povu (lami ya moto iliyotiwa maji kidogo ikaumuka) na saruji kidogo, ingawa juu yake bado huhitajika tabaka jipya.