Muhuri wa bucha na kichaa cha ng'ombe

Dada, umeona video ya kichaa cha ng'ombe, ule ugonjwa wa ubongo, ukaniuliza kama muhuri kwenye nyama unayonunua soko la Burma, Nairobi, unamaanisha ng'ombe amepimwa kichaa hicho, na kama kuchemsha sana supu ya kichwa kunatosha kukiua. Yote mawili, hapana.

Mkaguzi anayepiga muhuri huo machinjioni, iwe Dagoretti au kwingineko, hutazama na kukata maini, mapafu, ulimi na tezi. Anatafuta minyoo, kifua kikuu, majipu. Kichaa cha ng'ombe hakionekani kwa macho. Hupimwa maabara baada ya kuchinja, kwa kipande cha shina la ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Na kisababishi chake, protini iliyopinda iitwayo prioni, hakifi kwa moto wa jiko lako hata uchemshe usiku kucha.

Ila usiache supu kwa hofu ya video hiyo. Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, ukaenezwa na unga wa nyama na mifupa waliolishwa ng'ombe. Mnyama aliyekulia malishoni hana njia hiyo. Ukitaka tahadhari, acha ubongo na uti wa mgongo, hasa wa ng'ombe mzee. Mimi niliacha ubongo zamani, ladha yenyewe sikuipenda.

Kinachonitia hofu zaidi ni nyama isiyo na muhuri: kimeta huua. Na ukiona ng'ombe anayepepesuka au kutokwa mate ovyo, usimguse, huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo. Kama mate yamekugusa kidonda, nenda hospitali siku hiyohiyo.