Hedifoni za kufunika sikio: zivae kwanza, boksi utasoma baadaye

Ingia duka lolote la Luthuli Avenue jijini Nairobi uulizie hedifoni kubwa za kufunika sikio, na kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni boksi: spika za milimita 50, masafa ya hezi 5 hadi 40,000, besi nzito. Liweke boksi kando. Sikio la binadamu husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua umri unavyosonga. Tena namba ya 40,000 isiyotaja sauti imeshuka kwa desibeli ngapi huko mwisho haikuelezi lolote. Kinachoamua zaidi kama utazipenda ni jinsi mito yake inavyoziba kuzunguka masikio yako wewe, na hilo halijaandikwa popote.

Sababu ni hii. Katika hedifoni zilizofungwa nyuma, yaani zenye vikombe visivyo na matundu, besi hutegemea hewa iliyonaswa kati ya spika na sikio. Mto ukiacha mwanya, hewa inavuja, na sauti za chini ndizo hupotea kwanza. Ndiyo maana watu wawili hubishana kuhusu hedifoni zilezile, huyu akisema besi imejaa, yule akisema ni kavu, kumbe mmoja wao amevaa miwani. Mikono minene ya miwani huinua mto. Rasta, nywele za kusuka na hijabu hufanya vivyo hivyo. Nywele zipitishe nyuma ya kikombe, zisilaliwe na mto. Kwa hijabu, hakikisha kitambaa ni tabaka moja lisilo na mkunjo pale mto unapokaa, na uchague mito ya sponji laini, ile ukiibonyeza kwa kidole inarudi polepole.

Dukani, jaribu hivi. Cheza wimbo ambao gitaa la besi halipumziki. Benga inafaa sana kwa kazi hii. Hedifoni zikiwa kichwani, weka viganja juu ya vikombe na usukume kidogo tu kuelekea kichwani. Besi ikipanda waziwazi, mto hauzibi. Ikibaki ilivyokuwa, uko sawa. Rudia upande mmoja mmoja, kwa sababu vichwa vyetu havilingani kushoto na kulia. Halafu tafuna hewa kana kwamba una njugu mdomoni, na uiname kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mwanya mwingi hufunguka chini ya sikio, nyuma ya taya, na huonekana tu taya ikisogea.

Ukiwa hapo, pima tundu la mto kwa rula. Likiwa chini ya milimita 55 kwa urefu, sikio la mtu mzima mara nyingi litabanwa ukingoni. Angalia na kina pia: ncha ya sikio ikigusa kitambaa kinachofunika spika, utaanza kuumia baada ya nusu saa, na dakika mbili za dukani hazitakuonyesha hilo. Omba kukaa nazo dakika 15. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na usikubali kuuziwa zinazokalia sikio kwa jina la zinazofunika sikio. P47 zilizojaa mjini, kwa mfano, hukalia.

Swali linalofuata ni utasikilizia wapi. Zilizo wazi nyuma hutoa sauti pana na ya asili, lakini huvuja pande zote mbili: jirani anasikia muziki wako, nawe unasikia kila kitu chake. Hizo ni za chumbani usiku, au nyumba iliyo mbali na barabara. Kwa matatu na ofisi, chukua zilizofungwa, au zenye uzimaji kelele. Uzimaji huo hufanya kazi vizuri kwa mvumo wa chini usiobadilika: injini, jenereta, ndege. Honi na makanga anayeita abiria havizimiki sana, kwa sababu mawimbi ya sauti za juu ni mafupi na hubadilika haraka kuliko saketi inavyoweza kuyafuata. Ndani ya matatu yenye muziki wake, utaondolewa sehemu kubwa ya besi na kubakiziwa mashairi, kwa hiyo usitarajie kimya.

Kwenye kulinganisha ndipo wengi hudanganyika, na wala si na muuzaji. Hedifoni inayolia kwa sauti kubwa kidogo tu huonekana bora, hata kama tofauti ni desibeli moja au mbili. Kabla ya kuhukumu, rekebisha sauti hadi mwimbaji asikike sawa katika zote mbili. Tumia simu yako na nyimbo zako ulizokwisha kupakua kwa ubora wa juu, zima ekwalaiza yoyote, na usitumie wimbo wa duka. Huo umechaguliwa makusudi. Nyimbo tatu zinatosha: wenye sauti ya mtu karibu peke yake, wenye besi ndefu, na wenye vyombo vingi kwa pamoja. Taarabu ya fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) ni mtihani mzuri wa sauti za juu: fidla zikikuchoma sikio kwa sauti ya wastani, hutaizoea nyumbani. Mwimbaji mkuu asimame katikati. Akielemea upande mmoja, geuza hedifoni kulia-kushoto. Elemeo likihama nazo, spika hazilingani, basi zirudishe.

Za waya zina hesabu yake. Ohmu, yaani kipimo cha jinsi hedifoni zinavyoukinza umeme, peke yake haitoshi kukuambia kama simu yako itaziendesha. Sennheiser HD 600, iliyotoka 1997, ina ohmu 300 na hudai volti za kutosha. HIFIMAN HE400se ina ohmu 25 tu, lakini unyeti wake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme ilioupata, ni desibeli 91 tu, kwa hiyo simu nyingi hushindwa kuiendesha kwa raha. Kila desibeli 10 unazokosa kwenye unyeti hudai nguvu mara kumi. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa kwa ohmu 32, 80 na 250. Kwa simu au laptopu chukua 32 au 80, ile ya 250 waachie wenye amplifaya. Kama simu yako haina tundu la pini ya milimita 3.5, jihadhari na adapta za Type-C za bei ya chini sana. Baadhi ni waya mtupu usio na chipu ya kugeuza sauti ya dijitali, na simu nyingi hazitatoa sauti yoyote kupitia hizo. Ijaribu na simu yako kabla hujatuma M-Pesa.

Waya wenyewe hukatika sehemu mbili: kwenye shingo ya pini na pale unapoingia kikombeni. Muziki ukicheza, tikisa sehemu zote mbili. Sauti ikikatika hata mara moja, hapo pana ubovu. Waya unaochomoka, kama wa Audio-Technica ATH-M50x, unabadilisha mwenyewe. Uliounganishwa moja kwa moja unamhitaji fundi wa kulehemu.

Kuhusu Bluetooth, usikeshe na kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili ipite hewani. Ile ya LDAC hufika kilobiti 990 kwa sekunde, lakini iPhone haiitumii, na katikati ya mji wenye mawimbi mengi hushuka yenyewe. La maana zaidi ni kama zina tundu la waya pia, maana betri ya lithiamu itachoka siku moja. Zijaribu kwa waya zikiwa zimezimwa. Baadhi hubadilika sauti kabisa, nyingine hazilii.

Feki zipo tele, hasa za Sony na Beats. Uzito wa boksi si ushahidi, kwani baadhi ya watengenezaji wa feki hutia vipande vya chuma ndani. Kwa Sony za Bluetooth zinazotumia programu yao ya Sound Connect, ziunganishe nayo palepale kaunta, zisipotambuliwa, ondoka. Dai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, yenye nambari ya seriali, kisha ilinganishe na ile iliyo kwenye hedifoni.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda hushuka hadi saa 4. Mto unaoziba hukuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini hata barabarani.

Mito ya ngozi bandia huchubuka kwa jasho na mafuta ya nywele. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bila spiriti, na usiziache hedifoni juu ya dashibodi mchana. Ukinunua mito mipya, tafuta ya umbo, unene na kitambaa kilekile: ya mahameli hupunguza besi, na iliyo minene zaidi huiweka spika mbali na sikio, sauti ikageuka.