Tovuti kwenye seva yako mwenyewe: funga milango kwanza, Google itakuja

Ndugu zangu mnaoanza kuendesha tovuti kwenye seva zenu wenyewe, najua swali la kwanza kichwani ni nifanyeje nitokee juu Google, na mimi nilianzia hapohapo. Nawaomba mgeuze mpangilio. Usalama kwanza, spidi baadae, Google mwisho, maana ukiingiliwa hivyo viwili vingine vinaondoka kwa pamoja.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) yenye plagini, yani programu ndogo ya nyongeza, moja ya slaida za picha nikaizima nikaisahau. Kuzima siyo kufuta, faili zinabaki kwenye seva na anayejua njia yake anaziita moja kwa moja kwa kivinjari tu, na huko ndo walikopitia. Sasa kilichoniuma ni kwamba tovuti ilikuwa inafunguka vizuri kabisa, kumbe wameweka kodi inayoangalia anayekuja ni nani, akiwa roboti wa Google anapewa mamia ya kurasa za Kijapani za kuuza bidhaa feki, akiwa mtu anaona makala zangu kama kawaida. Nimekuja kushtuka siku nimeandika site: na domeini yangu kwenye Google, ambayo inaorodhesha kurasa zako ilizonazo Google, kurasa na kurasa za vitu sijawahi kuandika. Bakapu ninazo, za siku saba, ila zote saba zimeshachafuka na ziko kwenye seva ileile.

Kwa hiyo plagini au themu (mwonekano wa tovuti) usiyotumia ifute kabisa, zinazobaki ziapdetiwe mapema. Bakapu ikae nje ya seva, uwe na ya wiki na ya mwezi siyo za jana na juzi tu, na angalau mara moja ijaribu kuirudisha mahali pengine uone kama inafunguka, maana bakapu ambayo hujawahi kuirudisha huna uhakika kama ni bakapu.

Upande wa seva yenyewe, ingia SSH (njia ya kuiamrisha seva ukiwa mbali) kwa faili za funguo, zima kuingia kwa paswedi na zima root, akaunti yenye mamlaka yote, kuingia moja kwa moja. Hapa wageni wengi wanajifungia nje: ukishabadilisha sshd_config (faili la mipangilio ya SSH) na kuwasha upya huduma USIFUNGE dirisha ulilomo, fungua la pili ujaribu kuingia, likikubali ndo ufunge la kwanza. Firewall, yani ukuta unaochuja wanaoingia kwenye seva, iache wazi milango ya 80 na 443 ya tovuti na ule wa SSH basi. Halafu soma logi japo dakika tano, utakuta wp-login.php (ukurasa wa kuingilia) na xmlrpc.php (njia ya programu za nje kuingia WordPress) zinagongwa usiku kucha na mashine zinazokisia paswedi, hata kama tovuti yako haina wasomaji. Weka fail2ban inayowafungia wanaokosea paswedi mara nyingi, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti ya admini, na kama hutumii xmlrpc izuie. HTTPS, yani muunganisho uliofichwa kwa siri kati ya msomaji na seva, haina gharama, Let's Encrypt wanatoa vyeti vyake bure, ila ni vya muda mfupi, siku 90 au pungufu, kwa hiyo hakikisha kuhuisha kunajiendesha kwenyewe, amri ya certbot renew --dry-run itakuambia mapema kama kuna shida.

Spidi, mimi naanzaga na picha kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anapiga picha na simu, ina upana wa pikseli 4000, anaipakia hivyohivyo kwenye sehemu inayoonyesha 800, msomaji anashusha megabaiti tano kwa ajili ya kitu anachokiona kidogo tu. Punguza upana kwanza ndo uibadili iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Andika width na height kwenye kila picha ili maandishi yasiruke ruke ukurasa unapofunguka, na ile picha ya juu kabisa usiiwekee lazy loading (picha kusubiri mpaka msomaji aifikie), unaichelewesha bure. Baada ya hapo weka kachi ya kurasa, yani seva iwe na ukurasa uliokwisha kutengenezwa badala ya kuihangaisha PHP na database kila mtu anapofungua. Plagini ya kachi iwe moja, mbili zinagombana. Vipimo vya Google ni hivi: kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukibonyeza ijibu ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka ruka isizidi 0.1.

Google sasa. Angalia kwenye Settings, Reading, kile kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji, wengi wanakiweka tiki wakati wa kujenga halafu wanasahau, miezi inapita wanalalamika hawaonekani. Sajili tovuti Search Console (huduma ya Google ya wenye tovuti) siku ya kwanza na uwape sitemap, orodha ya kurasa zako, WordPress tangu toleo la 5.5 inayo yake kwenye /wp-sitemap.xml. Na usichanganye robots.txt (faili la kuzuia roboti asisome) na noindex (alama ndani ya ukurasa ya kusema usiuonyeshe kwenye matokeo), ukurasa ukiuzuia kwa robots.txt roboti haingii kuusoma kwa hiyo hata noindex uliyoweka ndani haioni, na anwani yake inaweza kuendelea kutokea.

Zile kurasa za Kijapani nilizifanya zijibu 410, yani ukurasa umefutwa moja kwa moja, nikabadilisha paswedi zote na chumvi za wp-config (misimbo ya siri inayolinda walioingia), zikawa zinapungua kidogo kidogo kwa miezi. Mpaka leo kila Jumatatu naandika site: na domeini yangu kabla sijafungua kitu kingine.